Mzinga wa viunzi vya juu kwa vikundi vya misitu ya vijiji

Kwa vikundi vya ukanda wa miombo, Tabora hadi Katavi, bado huu ndio mzinga tunaoupendekeza: sanduku lenye viunzi juu, yaani vipande vya mbao ambavyo nyuki huning'iniza masega yao, sega moja kwa kila kiunzi. Ila pima viunzi kabla ya kulipa. Kwa nyuki wetu wa Afrika upana wa kila kiunzi ni milimita 32. Fundi akikosea kipimo, nyuki huunganisha masega. Siku ya kurina unainua kiunzi kimoja, sega la jirani linapasuka, asali inamwagikia majana (watoto wa nyuki) na kundi la nyuki linaweza kuhama. Viunzi vigusane bila mwanya, kila kimoja kipakwe mstari wa nta katikati.

Utundike kwa waya uliopakwa grisi kuzuia siafu, usawa wa kiuno, ili hata akina mama warine bila kupanda mti. Rina sega lililofunikwa nta robo tatu au zaidi, asali bichi huchacha.

Uzuri wake mkubwa: tofauti na mzinga wa magome, hauhitaji kuchuna gome la mtundu, mti wa miombo unaokufa ukichunwa mzunguko mzima.

Tatizo ni usimamizi. Mizinga ya msaada hukabidhiwa “kikundi”, haina namba wala mkaguzi, nondo wa nta (wadudu ambao viwavi vyao hula masega) wanaimaliza. Kila mzinga upewe namba, msimamizi na ukurasa wake daftarini.