Vitabu vya kujifunzia besi ya hevi metali: kipi uchukue, kipi ukiache dukani

Kama unapiga gitaa la besi na unaipenda hevi metali, ule muziki wa roki nzito, shida yetu unaijua, vitabu vya gitaa la solo vimejaa kila kona lakini ukiulizia cha besi unaletewa kitabu kilekile cha gitaa kimepunguzwa nyuzi mbili. Nimekaa na vitabu kadhaa vya kujifunzia sasa, na kuna kimoja nataka nikiongelee kwa kirefu kwa sababu naona kila mpiga besi wa metali anatakiwa akipitie. Kinaitwa Extreme Metal Bass, kimeandikwa na Alex Webster na kilitoka 2011 chini ya wachapishaji Hal Leonard. Webster ndo besi wa Cannibal Corpse, bendi iliyoanzia Buffalo kule New York mwaka 1988, na yeye yumo tangu mwanzo, kwa hiyo anayekufundisha ni mtu aliyekula chumvi kwenye hii kazi yenyewe.

Mi nikifungua kitabu chochote cha besi ya metali kitu cha kwanza natafuta kinasema nini kuhusu mkono wa kulia. Kama kimejaa namba za freti tu, vile vyuma vya shingoni mwa gitaa, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho nakirudisha. Sababu ni kwamba wengi wetu huku besi tumeijulia kwaya au dansi, na besi ya dansi inatembea, inaacha nafasi, inapiga nota tatu inanyamaza inaiachia tumba na rizimu ziongee, na ule ukimya ni sehemu ya utamu wake. Sasa ingia kwenye metali, hapo besi imelalia kiki za dramu na rifu ya gitaa, kile kipande kifupi kinachorudiwarudiwa, nota zinashuka nane, kumi kwa sekunde na hakuna pa kupumulia. Mkono wa kushoto utakuwa unajua vizuri pa kwenda ila wa kulia ndo unakata, unaanza kukaza bega, mkono unabana kama umeshika tofali, na ukishakaza tu spidi imekwisha.

Chukua ule mwendo wa farasi wa bendi ya Iron Maiden. Ni nota moja ndefu kidogo halafu mbili fupi, duum-du-du, duum-du-du, basi. Kwenye karatasi ni kitu chepesi kabisa, mtoto atakusomea. Lakini weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, kwenye 160 kwa dakika uone, zile nota fupi kila moja inapata chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na Steve Harris, besi wao, anazipiga kwa vidole viwili, bila piki (kile kiplastiki cha kupigia nyuzi), pini zima, shoo nzima. Hii huwezi kuipata kwa kuangalia namba za freti kwa sababu mkono wa kushoto hapo hata haujasogea, yani namba ni ileile sifuri sifuri sifuri, waya ulio wazi. Kila kitu kipo kulia.

Hapa ndo Webster anawaacha wengine mbali. Anaanza na vidole vitatu vya mkono wa kulia, cha pete, cha kati na shahada, na anakaa hapo muda mrefu. Ukitaka kuelewa ugumu wake piga nota nne nne kwa vidole vitatu: mpigo wa kwanza umeanza na cha pete, wa pili unaanza na cha kati, wa tatu unaanza na shahada, halafu ndo unarudi cha pete. Nota kumi na mbili nzima mpaka mzunguko ukamilike. Maana yake ile nota nzito ya kwanza ya kila mpigo inabidi itoke na nguvu ileile kwa kila kidole, na kidole cha pete kwa watu wengi ndo kidhaifu, kinapiga kwa woga, kwa hiyo ukisikiliza mtu anayeanza unaisikia besi inachechemea, moja nzito moja nyepesi. Dawa ni kushuka chini, weka metronomu 70 au 80, piga waya mmoja tu wazi, sikiliza kama unaweza kutambua kidole kipi kimepiga. Ukitambua bado. Ukiona sauti zote zimefanana ongeza kidogo. Inachosha ndio lakini inafanya kazi, na ukishazoea unaona vidole viwili vinapumzika wakati kimoja kinafanya kazi, ndo maana unaweza kumaliza pini la dakika tano mkono bado mzima.

Mbele huko anaingia kwenye mapigo yasiyo ya kawaida, zile hesabu za saba na tano ambazo bendi za det metali, ile metali kali zaidi kama ya Cannibal Corpse, zinazipenda, na namna ya kutunga laini ya besi ambayo haiigi gitaa nota kwa nota. Hiyo sehemu mi naipenda sana. Huku nyumbani tunalelewa na besi inayoongea maneno yake, na wengi wanadhani kwenye metali lazima besi iwe kivuli cha gitaa tu. Msikilize Geezer Butler wa Black Sabbath, mpiga gitaa wao Tony Iommi anapiga rifu na Geezer anazunguka chini yake kama mtu wa blues. Au Cliff Burton wa Metallica, ambaye tulimpoteza 1986 kwenye ajali ya basi kule Sweden akiwa na miaka 24 tu, kwenye albamu yao ya kwanza ya 1983 alipewa pini zima la besi na dramu. Kwa hiyo wewe uliyetoka dansi hujaja mikono mitupu, masikio unayo tayari.

Kitabu cha Webster nakipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja inabaki kwa sababu sio kitabu cha anayeanza sifuri, ukikishika hujui hata jina la nyuzi utakitupa. Kama ndo unaanza chukua kwanza Hal Leonard Bass Method cha Ed Friedland, lile toleo la vitabu vitatu kwenye kimoja. Hakina metali, nakwambia mapema usije ukalalamika, ila kitakufundisha kusoma nota na kuhesabu, na hilo ndo linakuja kukuokoa baadaye, maana tablatura nyingi (zile karatasi za namba badala ya nota) za kuokoteza mtandaoni zinakupa freti bila muda wa nota, na metali bila muda wa nota ni kelele.

Kuna kingine nilikinunua dukani hapa mjini, sikitaji, jalada lina fuvu na moto, ndani rifu fupifupi za tempo moja na neno hakuna kuhusu kuzima nyuzi. Jamani kuzima nyuzi! Ukiwasha distoshoni, ile sauti ya kukwaruza, halafu waya ambao hupigi unalia wenyewe bendi nzima inachafuka. Gumba la kulia litulie juu ya nyuzi nene unapohamia nyembamba, na vidole vya kushoto vilivyo huru viguse nyuzi zilizobaki. Kitabu cha metali kisichosema hivyo usikilipie.

Kuhusu kununua, nakala za zamani zinakuja na CD, na nani siku hizi ana laptopu yenye tundu la CD. Vitabu vipya vya Hal Leonard vina kodi ndani, yani namba ya siri, unaiingiza kwenye tovuti yao unasikiliza na unaweza kupunguza spidi bila sauti kushuka, na kurudiarudia kipande kimoja unavyotaka. Kwa metali hicho ndo nusu ya bei yote. Fotokopi za mtaani hazina kodi inayofanya kazi, unabaki na makaratasi tu, bora uchange pesa taratibu.

Na usifanyie mazoezi kwenye spika ya simu. Waya wa E wa besi ulio wazi unatoa kama hezi 41, yani mitetemo 41 kwa sekunde, na hicho kispika hakifiki huko kabisa, utakuwa unasikia mlio wa kucha badala ya nota. Tafuta hedifoni za kufunika masikio. Ukishusha tuni chini zaidi kama Sabbath walivyoshusha nusu toni tatu kwenye nyimbo kadhaa za albamu yao ya 1971 basi nyuzi nyembamba zitalegea zigonge freti, nunua seti nene kabla hujaanza zoezi la kwanza.