Nairobi hadi Mombasa: ununue tiketi gani?

Kwa anga, JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, hadi uwanja wa Moi wa Mombasa ni kama kilomita 420. Barabara ni karibu 485, reli mpya ya SGR 472. Ratiba ya ndege huandika saa moja, na angani penyewe ni dakika arobaini na kitu. Maji hujayamaliza, mnaambiwa mfunge mikanda. Ila mimi safari naipima kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa ninakokwenda, na kwa kipimo hicho orodha yangu haianzi na ndege.

Ya kwanza ni treni ya saa tisa alasiri. Inaondoka kituo cha Syokimau, Nairobi, na kuingia kile cha Miritini, Mombasa, mnamo saa mbili usiku, watu bado wako macho. Tangu Januari 2024 nauli ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Mwenye miguu mirefu asione uchungu kulipa ile ya pili: kule kwa kawaida viti vinatazamana, watatu upande huu na wawili upande ule, na magoti yenu yatajuana vizuri kabla ya Voi. Fika saa nzima mapema, maana mizigo hupangwa chini kwa mstari mbwa wa polisi wainuse, ndipo iende kwenye mashine. Treni ya saa mbili asubuhi husimama vituo vya njiani, inachelewa zaidi, lakini kama una watoto nunua hiyo. Mbuga ya Tsavo mtaipita mchana, na ndovu wake wekundu wanaonekana dirishani.

Ya pili, ndege. Jumlisha foleni ya kuelekea uwanjani, kungoja, kuruka, na teksi ya kuvuka kisiwa hadi Nyali: kama saa nne na ushei. Treni, kwa hesabu hiyohiyo, ni saa nane hivi. Ikiwa hizo karibu nne unazookoa unazihitaji kweli, lipa, lakini soma masharti kwanza. Nauli ya chini kabisa ya shirika la Jambojet, kwa mfano, haina begi la kupakiwa, na ukiliongeza bei si ile tena. Anayeishi Lang'ata atazame na ndege za uwanja wa Wilson, ulio karibu naye. Chagua dirisha la kulia. Asubuhi isiyo na mawingu utaiona Kilimanjaro.

Kwa msafiri wa Diani, ufuoni kusini mwa Mombasa, nabadilisha mpangilio: ndege inapanda juu, mradi iwe ya kutua Ukunda, dakika chache tu kutoka hotelini. Ukitua Moi bado una feri ya Likoni au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, na teksi haikungoji bure.

Ya tatu ni basi la usiku, na hapa wengi watanibishia, kwa sababu nimeliweka mbele ya treni ya saa nne usiku. Malori ya barabara ile siyapendi. Lakini basi hukushusha Mwembe Tayari, mjini penyewe, alfajiri, matatu za kila upande zikiita abiria. Treni hiyo inakuacha Miritini, mbali na katikati ya mji, kabla ya saa kumi, giza totoro, na mwenye teksi anajua huna pa kwenda.

Tiketi za treni za Desemba na Pasaka huisha upesi, kwa hiyo lipa mapema kwa M-Pesa. Andika jina na namba ya kitambulisho kama zilivyo kwenye kadi, kwa kuwa mlangoni vitalinganishwa.