Ndani ya Jimny upya: yaliyonifaa na yasiyonifaa

Suzuki Jimny ya kizazi cha tatu, ile iliyotoka 1998 na kuendelea kutengenezwa hadi 2018, ni gari ninalolipenda kwa moyo wote, ndiyo maana nilikuwa naumia kila nikifungua mlango wake. Nje lilikuwa safi. Ndani kapeti ilishaota ukungu, kiti cha dereva kimelalia upande mmoja, kitambaa cha dari kimening'inia, na plastiki za dashibodi zinalia kila tukiacha lami. Nimelitengeneza upya kuanzia sakafuni hadi darini. Kazi nyingi nimezifanya mwenyewe, viti nimempa fundi, na haya ni maoni yangu kuhusu kila kilichoingia humo.

Kwanza gari lenyewe. Bodi yake imefungwa juu ya chesi (fremu ya chuma), eksele ni za kipande kimoja mbele na nyuma, springi ni za koili, na kuna transfa, yaani gia ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, yenye gia nzito ya kupandia. Injini ya lita 1.3 ikifika kasi ya barabara kuu inazunguka juu sana, na kwa kuwa bodi ni ya mraba, upepo unaipiga uso kwa uso. Kelele ya namna hiyo ni tabia ya gari, si ubovu, na hakuna kapeti itakayoligeuza kuwa gari tulivu la saluni. Mimi nilitaka ndani pawe pakavu, kiti kisiniumize mgongo, na niweze kuzungumza na abiria bila kupaza sauti. Kila nilichonunua nimekipima kwa hayo.

Kuvua vya ndani si kazi ya kutisha. Viti vinatoka kwa bolti chache, plastiki za pembeni zimeshikwa na klipu na skrubu, na kapeti inabaki imelala tu. Klipu za zamani zimekauka, nyingi zitakatika hata ukizibembeleza, kwa hiyo nunua pakiti mpya kabla hujaanza. Jambo la kutochezewa ni eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Kabla ya kugusa kiti, usukani au dashibodi, chomoa waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa, maana mfumo wa eabegi hubaki na chaji hata betri ikishatolewa. Soketi zake huwa za njano. Usizipime kwa mita, usizikate, na usifungue swichi ya gari zikiwa zimechomolewa.

Sasa sakafu, ambayo ndiyo sababu ya mimi kuandika yote haya. Watu wengi wanaanza na redio, taa za rangi na kava za viti, na huku chini kunaoza. Nilipogusa kapeti ya upande wa abiria ilikuwa kavu kabisa mkononi. Nilipoiinua, felti iliyo chini yake, ile kama blanketi zito, ilikuwa nzito kwa maji kiasi kwamba nilipoibana ilichuruzika. Felti hiyo haikauki yenyewe, na bati linalolaliwa na unyevu mwaka mzima linaliwa na kutu kuanzia ndani, mahali usipopaona.

Maji yana njia zake: mpira wa kioo cha mbele uliochoka, nailoni iliyo nyuma ya paneli ya mlango ikichanika, vizibo vya sakafu vilivyolegea, bomba la maji ya AC likiziba. Namna nzuri ya kuyasaka ni mtu mmoja kukaa ndani na tochi na mwingine kumwagia maji nje taratibu akianzia chini kupanda juu. Ukianza juu, maji yanateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Kutu ya juu juu niliisugua kwa brashi ya waya na msasa hadi bati likang'aa, nikapiga dawa ya kutu, praima ya eposi, kisha rangi. Ukikuta bati limetoboka, peleka likachomelewe. Kiraka cha faiba hakifai hapo, maana viti na mikanda vimejishikiza kwenye sakafu hiyo hiyo.

Baada ya hapo ndipo zikaingia shiti za butili (mpira laini unaonata) za kuzuia mtetemo, zile zenye karatasi ya alumini upande wa juu. Nimechukua za unene wa milimita 2 na nimeridhika nazo sana. Kazi yake ni kushika bati lisiteteme, na nguvu ya mtetemo ikageuka joto dogo ndani ya butili. Kwa sababu hiyo hakuna haja ya kufunika kila inchi, na hili nalisisitiza kwa kuwa wauzaji wengi watataka ununue pakiti mbili zaidi. Paneli iliyo wazi ukiifunika robo tu, katikati ambako inatetemeka zaidi, umeshapata sehemu kubwa ya faida. Gonga kwa kidole: bati tupu linalia kama debe, na ukishabandika kipande katikati sauti inakufa papo hapo. Nilikuwa nikigonga na kubandika, nikigonga na kubandika, na sikio ndilo lililoniambia wapi panatosha.

Zipo pia shiti za lami, na bei yake huwa ya chini. Sizipendekezi kwa gari linaloshinda juani. Lami inalainika kwenye joto, inatoa harufu, na ile iliyobandikwa darini inaweza kuachia. Butili inahimili joto vizuri zaidi. Ila butili nayo ina masharti: bati lisafishwe kwa spiriti lisibaki na mafuta wala vumbi, na shiti ikandamizwe kwa rola mpaka michoro ya alumini ilale. Ukiipapasa kwa mkono na kuiacha, hewa inabaki chini, na hewa inaleta unyevu. Kingo za alumini zinakata kama wembe, vaa glavu.

Juu ya butili nimelaza povu la matundu yaliyofungwa, lisilonywa maji, mahali pa ile felti. Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wanaorudisha felti kwa kuwa inameza sauti vizuri. Ni kweli inameza sauti, lakini inameza na maji, na gari la kuvuka mito na matope halipaswi kuwa na kitu cha namna hiyo sakafuni. Vizibo vya mpira vya sakafu usivifunike kwa chochote. Siku maji yakiingia, hapo ndipo pa kuyatolea.

Milango ilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Shiti mbili tatu kwenye bati la nje, nailoni mpya ya kuzuia maji, klipu mpya, na mlango ambao zamani ulikuwa unafungwa kwa kishindo sasa unafungwa kwa sauti ya kushiba. Chini ya mlango kuna matundu madogo ya kutolea maji yanayoingia kupitia kioo. Yaache wazi. Spika zilizokuwepo nilizirudisha hizo hizo na zinasikika vizuri zaidi, kwa sababu bati lililozizunguka halilii tena.

Kwa sakafu ya juu nimeweka mpira mzito uliokatwa kwa umbo la gari badala ya kapeti. Una sura ya kazi, hauna joto la kapeti, na mwanzoni una harufu inayochukua muda kuisha. Lakini ukirudi na matope unafuta kwa kitambaa na umemaliza. Mkato wake kwenye mashine ya gia ulikuwa sahihi. Nyuma, karibu na matairi, ulipungua kidogo, nikaziba kwa kipande. Kabla yake nilijaribu yale mazulia ya ngozi bandia yenye mishono ya umbo la almasi, na sikuyapenda hata kidogo. Mchanga unaingia kwenye mishono hautoki, na la upande wa dereva lilikuwa linateleza kuelekea pedali. Zulia linaloweza kubana pedali ya breki halina nafasi kwenye gari lolote. Niliyatoa siku hiyo hiyo.

Viti. Hapa nilimtafuta fundi wa viti, na kama una fedha za kitu kimoja tu, weka hapa baada ya sakafu kuwa kavu. Siri ya kiti haiko kwenye kitambaa, iko kwenye sponji. Nilikaa naye akafungua kiti cha dereva mbele yangu. Waya za springi zilikuwa zimeila sponji kwa chini mpaka zimechora mifereji, na ukingo wa upande wa mlango, ule unaosuguliwa kila ukipanda na kushuka, ulikuwa umebomoka na kuwa unga wa njano. Kava mpya juu ya sponji ya namna hiyo ni kupoteza fedha.

Akajenga ukingo upya kwa sponji ngumu, katikati akaweka yenye kurudi haraka ikibonyezwa, na kati ya waya na sponji akalaza kitambaa kizito ili waya zisile tena. Muulize fundi wako kuhusu uzito wa sponji, sio ugumu tu. Sponji nyepesi inaweza kuwa ngumu dukani na ikalala mapema, wakati ile ya kilo 50 na kuendelea kwa mita moja ya ujazo inadumu. Mimi ni mrefu, nikamwomba anyanyue sehemu ya mapaja kidogo. Amefanya hivyo kwa ustadi, na mgongo wangu umetulia hata kwenye safari ya kutwa.

Kitambaa tulichagua kigumu cha kufumwa katikati na ngozi bandia pembeni. Ngozi bandia tupu inachoma juani na kutoa jasho mgongoni. Kasoro yake ilikuwa moja: mshono wa kiti cha abiria ulikwenda upande kidogo, na fundi aliurekebisha bila maneno nilipomwonyesha. Ikiwa kiti chako kina eabegi ya pembeni, mwambie fundi mapema, maana mshono wa upande huo unatakiwa uachie eabegi ikilipuka. Kava iliyoshonwa kikawaida tu inaweza kuizuia. Na mikanda usikubali ipakwe rangi wala kufuliwa kwa dawa ya kung'arisha, kwani nyuzi zinadhoofika. Ivute yote nje, iba­ne isirudi, ifute kwa maji vuguvugu na sabuni laini, iache ikauke kabisa ndipo uiachie.

Dari nilitoa ubao wake wote, nikakwangua sponji iliyooza, nikabandika kitambaa kipya chenye sponji mgongoni kwa gundi ya kupuliza inayostahimili joto. Gundi ya kawaida itaachia. Dashibodi haikuhitaji mengi: utepe wa felti kila plastiki inapogusana na plastiki, na kelele zimekwisha. Ile dawa ya kung'arisha dashibodi sitaki kuiona, inaakisi kwenye kioo cha mbele ukielekea jua.

Umeme nimeuongeza kidogo tu, taa nyeupe ya ndani na soketi ya kuchajia simu. Waya mpya uanze na fyuzi karibu kabisa na betri, na fyuzi ilingane na uwezo wa waya. Fyuzi ipo kuulinda waya usiungue, kwa hiyo ukiiweka kubwa kupita waya huna ulinzi. Kila waya unapopita kwenye tundu la bati, weka mpira.

Buti la gari hili ni dogo mno viti vya nyuma vikiwa vimesimama, kama lita 113, kwa hiyo kishawishi cha kujenga makabati ya droo ni kikubwa. Nilijenga jukwaa jepesi la plaiwudi ya milimita 12, lenye kifuniko kimoja na nafasi ya zana chini. Droo zenye reli za chuma nilizipima kwa mkono dukani nikaziacha. Gari zima lina kilo elfu moja na kidogo, na mzigo linaoruhusiwa pamoja na watu ni kama kilo 350. Watu wazima wanne peke yao wanakaribia hapo. Jukwaa limefungwa kwa bolti kwenye matundu ya asili ya bodi, maana likilegea kwenye breki kali litawafuata walioko mbele.

Matokeo ni haya. Kwenye barabara ya vumbi tofauti ni kubwa sana: changarawe hazisikiki tena kama zinapiga sahani, na milio ya plastiki haipo. Kwenye lami kwa mwendo mkubwa tofauti ni ya wastani, kwa sababu upepo na injini bado vinasema, na matairi yangu ya matope yanavuma vilevile. Nyota tano kwa butili na kwa kazi ya sponji. Nne kwa mpira wa sakafu, kwa sababu ya ule mkato wa nyuma. Mazulia ya mishono ya almasi siwezi kumshauri mtu yeyote.

Kilichobaki kwangu ni mipira ya milango, ambayo imelala na inapitisha upepo juu ya kioo. Nikibadilisha nitajua kama ile sauti ya upepo ni yake au ni ya vioo vya pembeni.