Kumfundisha mtoto kusoma na kuhesabu: chati ya ukutani au vizibo vya soda?

Chati unanunua, unaipigilia ukutani, kazi imeisha. Shida inaanzia hapohapo. Mwanangu wa miaka mitano aliimba ba be bi bo bu bila kukosea. Nilipofunika zote nikamwachia "bo" peke yake, kimya. Alikuwa ameshika wimbo, si silabi.

Vizibo niliokota kwa muuza soda, nikaviandika herufi kwa maka peni. Akipanga b-a-b-a anasoma baba. Akitoa ile a ya mwisho akaweka u, amepata babu, na anacheka kama kafanya kiini macho. Kwenye hesabu ndiyo usiseme. 7 na 5: anachukua vitatu kutoka kwenye vile vitano, saba inatimia kumi, vinabaki viwili. Kumi na mbili kaiona kwa macho yake.

Chati inashinda mahali pamoja, namba 1 hadi 100: mtoto anaona 3, 13, 23, 33 zimeshukiana mstari mmoja. Hiyo sijaibandua.

Vizibo vigonge kingo kwanza, vina makali. Na kama kuna mtoto anayetambaa, viweke juu ya kabati. Wangu mdogo humeza hata vifungo.