Konseto ya 5 ya Mozart jijini: fidla safi, okestra imelegea

Kwa tiketi ya shilingi 1,500, konseto hii ya 1775, kazi ya fidla moja na okestra (ufunguo wa A meja, K. 219 katika orodha ya kazi za Mozart), ilihitaji okestra iliyokaza zaidi.

Mpiga fidla hana lawama. Okestra huanza kwa kasi, kisha yeye huingia na Adagio, yaani sehemu ya polepole, ya baa 6 tu. Wengi huikokota hapo, kasi ikirudi inashtua. Huyu aliiacha ipumue, upinde mrefu na mwepesi. Kadenza (sehemu ya fidla peke yake) iliyoandikwa na Joachim, mpiga fidla wa karne ya 19, yenye nyuzi mbili kwa pamoja, ilitoka bila noti kuteleza.

Mambo yaliharibikia mwishoni. Minueti, dansi ya taratibu, hukatizwa na fujo ya mtindo wa Kituruki, ufunguo wa A maina, mapigo 2/4, selo na besi (fidla kubwa za sauti nzito) zikigonga nyuzi kwa mti wa upinde. Waligonga kwa woga, hakuna kilichosikika. Woga wenyewe unaeleweka, mti huchubuka. Ndiyo maana wazoefu hubeba upinde wa bei rahisi kwa kurasa hizo. Baragumu 2 nazo zilishuka chini ya noti sahihi: ukumbi wa mawe, Nairobi, Julai, na hazikupashwa moto.

Ukienda, kaa kushoto ukitazama jukwaa. Matundu ya fidla huelekea huko.