Masgouf Dubai: nilingoja saa nzima na robo

Mhudumu aliniambia dakika 20. Ikawa saa nzima na robo, watoto wameshaanza kusinzia mezani. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo kosa kubwa la mkahawa huu wa Kiiraki tuliokwenda Ijumaa: masgouf, yaani samaki wa kuchomwa wa Kiiraki, haiivi kwa dakika 20, na anayeipika analijua hilo. Wangesema kweli, ningeagiza kwa simu kabla ya kutoka nyumbani.

Nilipochoka kukaa nikaenda kumtazama mpishi. Samaki ni wa mtoni, karpu wa kilo mbili hivi, amepasuliwa mgongoni akafunguka bapa kama ng'onda. Hupakwa chumvi, ukwaju na bizari, kisha husimamishwa kwenye vijiti kuuzunguka moto wa kuni. Hawekwi juu ya moto kama tunavyochoma sisi. Joto linampata kwa ubavuni, mafuta yanachuruzika polepole. Mwisho kabisa ndipo analazwa kwenye makaa, ngozi chini. Nyama ilikuja laini, ina harufu ya moshi bila uchungu, ukwaju umeingia hadi mfupani. Ndicho chakula cha mtaa wa Abu Nuwas, Baghdad, kando ya mto Tigris.

Pembeni waliweka amba, achari ya embe yenye uwatu, ambayo Iraki waliipata kutoka India. Usiiache. Mkate wa samoon ulikuwa umepoa. Nilipoomba, wakaleta wa moto.

Lakini tashrib ndiyo iliyonishika: mkate ulioloweshwa kwenye mchuzi wa kondoo wenye ndimu kavu. Wairaki huziita numi Basra, ingawa ni ndimu za Oman. Jina limetokana na bandari zilikopitia. Na mchuzi kwao ni wa tangu zamani mno. Chuo Kikuu cha Yale kinahifadhi mabamba ya udongo ya Babeli ya takriban mwaka 1700 KK, na moja lina mapishi 25, karibu yote ya mchuzi. Babu yangu, Lamu, aliijua Basra kwa tende tu, zilizoletwa na majahazi yaliyorudi na boriti za mikoko. Nilitamani angeuonja mchuzi huu.

Samaki mmoja dirhamu 140, tukashiba watu wanne. Piga simu mapema, na ukipata meza iliyo karibu na moto, kaa hapo.