Beaumont na Tumbo la St. Martin: Kitabu Kinachostahili Kununuliwa

Kitabu cha daktari mpasuaji William Beaumont kuhusu majimaji ya tumbo na umeng'enyaji wa chakula kilitoka kwa mara ya kwanza Plattsburgh, New York, mwaka 1833. Toleo ninalolipitia hapa ni la kampuni ya uchapishaji ya Dover la mwaka 1959, lililotanguliwa na insha ya William Osler, daktari mashuhuri wa Kanada, kuhusu maisha ya mwandishi.

Chanzo chake ni ajali. Tarehe 6 Juni 1822, katika duka la kampuni ya biashara ya manyoya kisiwani Mackinac, huko Michigan, Marekani, bunduki ilifyatuka na kumjeruhi vibaya ubavuni Alexis St. Martin, kijana wa Kanada. Beaumont, ambaye alikuwa daktari wa jeshi kisiwani humo, alimtibu hadi akapona, ila tundu lililofika tumboni halikuziba kamwe.

Sura za mwanzo, zinazojadili njaa, kiu na aina za vyakula kwa ujumla, zinachosha, na sioni ubaya msomaji akiziruka. Utamu umo katika kumbukumbu za majaribio. Mwezi Agosti 1825, saa sita mchana, Beaumont alifunga vipande vya nyama, mkate mkavu na kabichi mbichi kwenye uzi wa hariri, akavitumbukiza tumboni kupitia tundu lile. Alipovivuta saa saba, mkate na kabichi vilikuwa vimemeng'enywa karibu nusu, ilhali nyama ilikuwa vilevile. Mwandishi huyu, aliyejifunza udaktari kwa kumtumikia daktari mwingine huko Vermont bila kupitia chuo kikuu, anaandika alichokiona na saa aliyokiona, na ndiyo maana anaaminika hata leo. Majimaji ya tumbo la St. Martin aliwapelekea wataalamu, nao wakathibitisha kwamba yana asidi ya haidrokloriki.

Kasoro kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba mwenye tumbo hasikiki. Kwa mkataba wa mwaka 1832, St. Martin aliahidiwa dola 150 kwa mwaka ili akae na Beaumont na kuruhusu majaribio, lakini alivyojisikia kuvutwa nyuzi tumboni tunakikisia tu. Pengo hilo linazibwa kidogo na Osler, anayesimulia jinsi familia ilivyowazuia madaktari wasiupasue mwili wa St. Martin alipofariki mwaka 1880. Kwa hiyo anayenunua chapa nyingine ya kitabu hiki ahakikishe kwanza kwamba insha hiyo imo.